Mwezi Juu ya Chapeo

Juu ya paji la chapeo nyeusi ya Date Masamune, mtawala wa Sendai nchini Japani aliyefariki mwaka 1636, umesimama mwezi mwandamo wa rangi ya dhahabu. Ncha zake hazilingani: ya kulia kwa mvaaji ni fupi kuliko ya kushoto. Inaelezwa kwamba ilifupishwa makusudi, ili mkono unaoinua upanga usigongane na pambo.

Huo ndio ufundi wa kabuto, chapeo ya samurai. Uzuri wake ulipaswa kuuheshimu mwili uliobeba chuma hicho kutwa nzima.

Mhunzi alianza na bakuli. Alipishanisha mabamba membamba ya chuma na kuyafunga kwa ribiti. Katika chapeo za hali ya juu mabamba hayo yalifika 62, na kingo zake zilizokunjwa zilipanda kutoka ukingoni hadi utosini kama matuta ya boga. Ukoo wa Myochin ulijijengea jina kwa kazi hii. Ndani, kitambaa kilitandazwa ili chuma kisikae juu ya fuvu, na yeyote aliyewahi kubeba mzigo bila kata anajua thamani yake. Nyuma zilining'inia safu za kukinga shingo, zimeshonwa kwa kamba za hariri zilizomwacha mvaaji ageuke apendavyo.

Kisha ikaja zamu ya urushi, utomvu wa mti unaowasha ngozi vibaya. Haugandi kwa jua. Huhitaji hewa yenye unyevu. Fundi alipaka, akasubiri, akasugua, akapaka tena, mpaka chuma kikang'aa na kutu ikakosa pa kuingilia.

Mwaka 1543 bunduki za Wareno zilifika kisiwani Tanegashima, na vita vya karne hiyo vikazidi kuwa vya majeshi makubwa. Jemadari alihitaji kutambulika kwa mbali, katikati ya vumbi na moshi. Zikazaliwa chapeo za ajabu: masikio ya sungura, kombe la konokono wa baharini, mkia wa kambare, na kereng'ende, mdudu aliyependwa kwa kuwa husemwa kwamba harudi nyuma.

Lakini shingo ni ile ile. Kwa hiyo mafundi wakaacha chuma chini, kikiwa bakuli la kawaida, na juu yake wakafinyanga maumbo kwa karatasi, mbao na urushi. Pembe kubwa za kulungu zilizomtambulisha jemadari Honda Tadakatsu vitani zilikuwa karatasi za washi zilizogandishwa tabaka juu ya tabaka, zikapakwa rangi nyeusi. Adui aliona mnyama. Tadakatsu alibeba karatasi.

Hadi leo, tarehe 5 Mei inapofika, familia za Japani huweka chapeo ndogo sebuleni kwa ajili ya watoto wao. Watoto nao hukunja gazeti la jana, wakatokeza pembe mbili, wakalivaa na kukimbilia nje.