Karatasi ya Safu Saba

Katika mafunzo ya ushauri nasaha, somo la tiba ya fikra na tabia linaanza na rula. Mkufunzi analaza karatasi kwa mapana, anapiga mistari 6, anapata safu 7. Mwanafunzi mmoja anaigiza mteja: mwalimu wa sekondari aliyepitwa na mkuu wa shule koridoni bila salamu.

Safu ya kwanza ni tukio, na mkufunzi hapokei kila kinachosemwa. "Alinidharau" haliandikwi. Linaandikwa lililoonekana: saa moja na nusu asubuhi, koridoni, mkuu kapita, hakusalimu.

Ya pili ni hisia. "Nahisi ananichukia, dada." Mkufunzi hapingi, anauliza mwilini kulikuwaje. Moyo ulikwenda mbio, viganja vikatoka jasho. Basi ni hofu. Ngapi kwa mia? 80. Lile la kuchukiwa linahamia safu ya tatu, ya fikra, kwa kuwa ni dai, na dai hupimika. Hofu haibishiwi.

"Na kama anakuchukia, mwalimu, halafu?" Ataniandika vibaya. "Halafu?" Kimya. Mkufunzi haongezi neno, hata kalamu haichezeshi. "Kibarua kitaota nyasi." Hiyo anaipigia mstari.

Fikra kama hizi, zinazozuka zenyewe na kupita kabla mwenyewe hajazishika, ndizo zilizomshughulisha Aaron Beck, daktari wa akili wa Philadelphia, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Alikuwa amefunzwa njia ya Freud, ya kuchimba yaliyofichika moyoni. Akageukia kuwauliza wagonjwa wanawaza nini wakati uleule. Kitabu chake na wenzake watatu kuhusu kutibu sonona kilitoka mwaka 1979.

Safu ya nne ni ushahidi unaoiunga mkono fikra, na hapo ndipo ufundi unaponishangaza. Wengi wetu tungeshasema "usijali, Mungu yupo". Mkufunzi anaukusanya wote, bila haraka wala kuupunguza: hakunisalimu, wiki iliyopita alirudisha andalio langu la somo.

Ya tano ni ushahidi unaoipinga. Mkuu alikuwa ameshika nini? Simu, sikioni. Alimsalimu nani mwingine? Mteja anawaza. Hakuna. Maandalio ya nani mengine yalirudishwa? Ya idara nzima. Hakuna jibu hata moja lililotoka kinywani mwa mkufunzi.

Ya sita mteja anaiandika kwa mkono wake: "Huenda ana jambo lake, sina hakika kama linanihusu." Si sentensi tamu, lakini anaiamini. Safu ya saba, hofu inapimwa upya: 45. Mkufunzi haibembelezi ishuke zaidi.

Inabaki kazi ya nyumbani: kesho amuwahi mkuu kwa shikamoo. Utabiri wa kitakachotokea unaandikwa leo, maana jambo likishapita kila mtu hudai alijua. Nini kinaweza kukuzuia? Simu tena, mteja anasema. Utafanyaje? Atasubiri amalize. Hilo nalo linaandikwa.