Sakafu Iteremke, Choo Kisimame

Katika nyumba nyingi za matofali zilizo kandokando ya barabara ya Uvira hadi Baraka, Nundu ikiwamo, bafu na choo cha kukalia hukaa chumba kimoja. Fundi huiteremsha sakafu kuelekea tundu la maji, sentimita moja au mbili kwa kila mita. Mteremko huo ni wa lazima, la sivyo maji ya kuoga yangetuama. Lakini kitako cha choo kina urefu wa sentimita 40 hivi, kwa hiyo upande mmoja huwa chini ya mwingine kwa milimita 4 hadi 8. Pengo hilo dogo latosha kukifanya choo kicheze.

Choo kinachocheza hulegeza kiungo chake na tiyo la maji machafu, na majitaka huanza kupenya chini ya kitako hadi pale watu wanapooga miguu mitupu. Katika eneo la Fizi, ambako kipindupindu hurudi mara kwa mara, uvujaji huo hauwezi kuhesabiwa kuwa kasoro ya urembo.

Fundi mwenye haraka hukaza nati hadi choo kitulie. Hapo ndipo kaure hupasuka: kitako kimegusa sakafu sehemu mbili tu, na skrubu inakivuta kuelekea penye uwazi. Mwingine humwaga saruji nzito chini yake. Choo hutulia kweli, ila siku tiyo likiziba hakitoki bila kuvunjwa.

Kazi nzuri huanza pakavu. Choo huwekwa mahali pake bila saruji, kisha hubonyezwa pembe kwa pembe ili kujua kinapoinuka. Nivo huwekwa juu ya mdomo wa bakuli, kwanza kushoto kwenda kulia, halafu mbele kwenda nyuma. Asiye na nivo hutumia mpira mwembamba unaopitisha mwanga, uliojazwa maji: maji ya ncha zote mbili husimama kimo kimoja.

Penye uwazi huingizwa vipande vya plastiki ngumu. Bidoni kuukuu hukatwa ikatoa vingi. Mti haufai, kwa kuwa huvimba ukilowa, hunywea ukikauka, na mwishowe huoza. Kipande cha kigae nacho ni kigumu mno, uzito wote hukusanyika kwenye ncha yake. Pengo likizidi sentimita moja na nusu, ni heri kumwaga jukwaa dogo la zege lililo sawa, lenye ukubwa wa kitako, kuliko kurundika vipande.

Choo kikiinuliwa, shingo yake nayo huinuka. Kabla ya kufunga, fundi ahakikishe bado inaingia sawasawa kwenye tiyo. Kiungo hicho kifungwe kwa mpira wake, kisizibwe kwa saruji, maana saruji hupata ufa kwa mtikisiko mdogo.

Ndipo skrubu hukazwa kwa zamu, kidogo kulia, kidogo kushoto, zikiwa na washa za plastiki, na fundi huacha mara zinaposhika. Kazi ya skrubu ni kukizuia choo kisihame. Kukisawazisha ni kazi ya vipande. Uwazi uliobaki hujazwa chokaa hafifu ya saruji moja kwa mchanga sita, mbele na ubavuni. Nyuma huachwa nafasi ndogo, ili kiungo kikivuja maji yatoke yaonekane badala ya kujificha chini.

Chokaa ikikaa siku nzima, jaribio hufanywa kwa ndoo, kwani ndivyo choo kitakavyotumika panapokosekana maji ya bomba. Maji ya ndoo hupiga bakuli kwa nguvu kuliko ya tangi. Mwenye nyumba amimine ndoo mbili, akalie, ajisukume pande zote, kisha apapase nyuma ya kitako kwa karatasi kavu. Karatasi ikitoka na unyevu, fundi hajamaliza kazi, na malipo ya mwisho yasubiri.