Okidi isiyo na mizizi: zuia kwanza maji yasitoke

Okidi iliyooza mizizi hutoa dalili mbili zinazopingana. Majani yamelegea na kukunjamana, yanaonyesha kiu. Ukitia kidole chunguni, unakuta unyevu tele. Wengi huyaamini majani, wakaongeza maji. Jirani yangu mmoja hapa Tanga, mwalimu mstaafu, alikuwa amefika hapo. "Mwanangu, naimwagilia kila siku, na kila siku inazidi kusinyaa," alisema akinikabidhi chungu. Ilikuwa falenopsisi, ile okidi ya majani mapana ambayo maua yake hudumu kwa miezi, na ndiyo inayouzwa zaidi madukani. Sasa ina mizizi mipya. Njia iliyotumika haina siri, ila kila hatua ina sababu yake, na anayeijua sababu anaweza kubadilisha vifaa bila kuharibu kazi.

Tuanze na kilichoiua mizizi. Falenopsisi asili yake ni misitu ya joto ya Asia, na humea juu ya miti bila kuinyonya. Mizizi hushika gome, mingine ikaning'inia. Mvua ikinyesha hulowa, na muda si mrefu upepo huikausha. Anayetaka kuona maisha ya namna hiyo karibu na nyumbani apande Amani, Usambara Mashariki, atazame okidi za kwetu zilivyokaa matawini. Mzizi wa aina hii umevikwa tabaka la seli mfu zilizo tupu, liitwalo velameni, linalovuta maji upesi. Likiwa kavu limejaa hewa, na mzizi huonekana mweupe wa kung'aa. Likilowa hupenyeza mwanga, na kijani kilicho chini yake hujitokeza.

Chungu cha mwalimu kilikuwa cha urembo, hakina tundu. Magome yaliyokuwamo yalikuwa yameoza na kushikana kama tope, nafasi za hewa zikazibika. Mzizi unaokosa oksijeni hufa, kisha kuvu na bakteria humalizia. Hapo ndipo ile kauli ya majani inapoeleweka: mmea ulikuwa na kiu kweli, lakini haukuwa na kitu cha kunywea. Maji yaliyoongezwa yaliozesha hata mizizi michache iliyokuwa imesalia.

Kazi ya kwanza ikawa kujua kilicho hai. Tuliutoa mmea chunguni, tukauosha kwa maji yanayotiririka, tukabonyeza mzizi mmoja mmoja. Ulio hai huwa mgumu. Uliokufa hubonyea, na ukiuvuta ganda huvuka lote, ukabaki uzi mwembamba wa katikati. Rangi peke yake hudanganya, kwa kuwa mzizi hai uliokaa gizani unaweza kuwa wa manjano au hata wa kahawia. Kidole ndicho cha kuaminiwa. Karibu mizizi yote ya mwalimu iliishia kuwa nyuzi.

Kisha tukapima kitako cha shina, na hapa ndipo uamuzi ulipo. Kikiwa kigumu, kazi inaendelea, hata kama hakuna mzizi uliosalia. Kikiwa laini, cheusi na kinanuka, huo mmea umekwisha, na kuutunza ni kupoteza muda. Cha mwalimu kilikuwa kigumu. Tulikata vilivyooza kwa wembe mpya, tukapaka unga wa mdalasini kwenye vidonda, maana huvikausha na kuzuia kuvu. Hatukuupaka kwenye shina lenyewe, kwa sababu mizizi mipya huchipuka hapo, na mdalasini ungeikausha nayo. Bua la maua lilikatwa pia, ingawa lilikuwa na vitumba na mwenyewe aliguna. Majani hayakuguswa hata lile lililochoka. Okidi nyingine, kama Ansellia ya misitu yetu, zina mashina manene yanayoweka maji. Falenopsisi haina, akiba yake ya maji na chakula iko kwenye majani. Ukilikata jani kwa sababu limekunjamana, umepunguza akiba ambayo ingelisha mizizi.

Sasa tuje kwenye kiini. Mmea usio na mizizi ni sawa na duka ambalo mauzo yamesimama: kabla ya kutafuta mapato, punguza matumizi. Matumizi ya mmea ni maji yanayotoka majanini kwenda hewani, na hutoka kwa kasi zaidi hewa inapokuwa kavu. Basi dawa ni kuuweka mmea mahali ambapo hewa imeshiba unyevu.

Tulitumia dumu la maji ya kunywa, lile linaloonyesha ndani, likakatwa ili sehemu ya juu iwe mfuniko. Chini tuliweka makumbi ya nazi. Huku pwani makumbi mengi hufukiwa kwenye matope ya bahari ili yalainike kabla ya kusokotwa kamba, kwa hiyo huja na chumvi, na chumvi huvuta maji kutoka kwenye mmea. Tuliyaloweka na kuyasuuza mara kadhaa kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, tukayakamua mpaka hayatoi tone. Mmea ukakaa juu yake, kitako kikiwa karibu na unyevu bila kuzikwa. Dumu likawekwa kwenye kivuli chenye mwanga mzuri. Jua likilipiga moja kwa moja, joto la ndani hupanda haraka na majani yakaungua.

Muda wa kulifunua nao una maana. Mimea mingi hufungua stomata, yaani vitundu vya kupumulia majanini, wakati wa mchana. Falenopsisi huvifungua zaidi usiku, ikavuta kaboni dayoksaidi na kuiweka kwa umbo la asidi hadi mwanga utakapopatikana. Maana yake, usiku ndio wakati wake wa kupoteza maji. Kwa hiyo dumu lilifungwa jioni na usiku kucha, likafunuliwa kidogo kuanzia kama saa tatu asubuhi, vitundu vikiwa vimefungwa, ili hewa ibadilike na ukungu usipate makazi. Anayefanya kinyume, akafunika mchana na kuacha wazi usiku, ataona jasho kwenye plastiki na kudhani kazi inaendelea, ilhali maji yanatoka saa ile ile asiyoangalia.

Mbolea haikutumika. Bila mizizi hakuna cha kuipokea, na chumvi zake hubaki kwenye makumbi. Maji ya sukari, ambayo watu hushauriana sana, hulisha kuvu kuliko yanavyolisha okidi.

Dalili ya kwanza haikuwa mzizi. Jani la chini kabisa liligeuka njano na kunywea, mwalimu akashtuka. Ilikuwa habari njema, kwa kuwa kitako kilibaki kigumu: mmea ulikuwa unahamisha akiba ya jani kongwe kwenda kwingine. Tuliliacha lidondoke lenyewe. Baadaye vikajitokeza vivimbe juu ya kitako, vikapasua ngozi ya shina, na kila kimoja kikatoa ncha ya kijani inayong'aa. Majani ya zamani hayakunyooka, na pengine hayatanyooka. Afya ipimwe kwa mizizi na kwa jani jipya.

Mizizi ilipofika urefu wa kidole gumba, dumu liliachwa wazi muda mrefu zaidi kila siku, ili majani yazoee hewa ya kawaida. Kisha okidi ikahamia kwenye kopo dogo la plastiki lililotobolewa matundu, na ndani yake vipande vikubwa vya makumbi na mkaa. Kopo kubwa lingeshika maji kuliko mizizi hiyo michache inavyoweza kunyonya, na uozo ungerudi. Maua yasitarajiwe mapema, kwani nguvu zote kwanza zinakwenda kwenye mizizi na majani. Mwalimu ameacha kumwagilia kila siku: hutazama mizizi kupitia ubavu wa kopo, ikiwa bado kijani anaiacha, ikigeuka nyeupe anaipa maji na kuyaacha yote yachuruzike.