Mandhari ya Usambara katika Rangi za Mafuta

Mwanafunzi ajifunzaye uchoraji kwa vielelezo vya Ulaya huzoea mandhari ya kiangazi chao: majani mabichi na mashamba yasiyo na mtu. Akiichukua kanuni hiyo hadi Lushoto, atapotoka. Katika Milima ya Usambara kiangazi hukausha majani. Ubichi huletwa na masika. Wajerumani, walioubandika mji huo jina la Wilhelmstal, waliyaona mazingira yake kuwa mahali pa kupumzikia. Mshambaa aliyaona kuwa shamba lake.

Marehemu Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame aliyesoma Makerere na kisha Slade, London, alitumia rangi hizo hizo za mafuta, lakini aliijaza milima yake watu walimao, wavunao na wapelekao pombe ya ndizi kwa bibi harusi. Twaweza kumkosoa kwamba nyuso za watu wake hazitofautiani sana. Hatuwezi kumkosoa kwamba aliwasahau.

Rangi ya mafuta hukauka polepole, nayo humpa mchoraji nafasi ya kusahihisha. Basi na aitumie nafasi hiyo kumrudisha mkulima shambani mwake.