Matone Kabla ya Cheche: Jinsi Caravan Inavyowaka Kilindoni

Cessna Caravan inayotaka kuondoka Kilindoni, kisiwani Mafia, kwenda Dar es Salaam hupewa sekunde chache tu za kushika moto. Rubani anawasha stata, kompresa inaanza kuzunguka, na ikifika angalau asilimia 12 ya mwendo wake ndipo anafungulia mafuta. Macho yanabaki kwenye kipimo cha joto. Moto usipowaka ndani ya sekunde 10, anafunga mafuta na kuizungusha injini kwa hewa tupu ili iteme kilichomwagika ndani. Asipofanya hivyo, mafuta yaliyotuama yanaweza kulipuka moto kwa mkupuo, na joto likavuka nyuzi 1,090 za Selsiasi, kikomo ambacho injini yake, PT6A-114A, inaruhusiwa kukifikia kwa sekunde 2 pekee.

Ni nini ndani ya mafuta kinachoamua sekunde hizo? Fundi wa dizeli atataja namba ya seteni, yaani wepesi wa mafuta kujiwasha yenyewe yakikutana na hewa iliyobanwa hadi ikapata moto. Kwa jenereta au boti yuko sahihi. Kwa injini ya tabaini kama ya Caravan, jibu hilo linaanzia mbali mno.

Cheche haiunguzi kimiminika, inaunguza mvuke. Katika PT6A, nozeli 14 huyavunja mafuta kuwa matone madogo, na wakati wa kuwasha shinikizo ni dogo na hewa inapita polepole, hivyo mzigo mkubwa unaangukia mafuta yenyewe. Yakiwa mazito kutiririka, matone yanakuwa makubwa. Tone kubwa hunyonya joto la cheche na kuchelewa kutoa mvuke, na kiini cha moto kinazimika kabla hakijasambaa.

Ndiyo maana Jet A-1, mchanganyiko wa haidrokaboni nyingi, hubanwa pande zote mbili. Asilimia 10 ya kwanza lazima iwe imechemka kabla ya nyuzi 205: hiyo ndiyo sehemu nyepesi inayoupokea moto. Lakini mvuke wake haupaswi kuweza kuwaka chini ya nyuzi 38, kwa usalama wa anayeyahifadhi na kuyamimina. Mnato, yaani uzito wa kutiririka, nao ukipimwa kwenye nyuzi 20 chini ya sufuri, usizidi milimita za mraba 8 kwa sekunde. Petroli ya ndege huvukiza kwa urahisi zaidi, lakini Caravan inaruhusiwa kuitumia kwa dharura tu, si zaidi ya saa 150 kati ya matengenezo makuu mawili.

Ushahidi ninaouthamini zaidi ulitoka Marekani, katika mpango wa kitaifa wa utafiti wa uunguaji wa mafuta ya ndege. Mafuta mamoja ya majaribio, yaliyotokana na alkoholi, yalikuwa na seteni chini ya 20, na yakawa mepesi kuzimika hewa ilipozidi. Mengine, yenye sehemu iliyotengenezwa kwa sukari, yalikuwa na seteni nzuri lakini mnato mkubwa, na hayo ndiyo yaliyosumbua kuwasha. Kuwasha hutawaliwa zaidi na mnato na wepesi wa kuvukiza; seteni huonekana zaidi pale moto uliokwisha kuwaka unapotakiwa usizimike.

Kwenye joto la Mafia, mnato huo hushuka sana, kwa hiyo Jet A-1 safi ina kila sababu ya kuwaka pale. Hofu yangu iko kwenye maji. Mafuta ya moto huyeyusha maji mengi kuliko ya baridi. Usiku yakipoa huyaachia, nayo hutulia chini ya tangi. Nozeli ikipuliza maji, hakuna cheche itakayosaidia. Kukinga sampuli chini ya tangi kabla ya kuruka ni kazi ya lazima, hasa kisiwani ambako hewa ina unyevu mwaka mzima.

Na mafuta ya ndege yatokanayo na mimea yatakapofika kwenye matangi yetu, tuulize kwanza mnato wake na asilimia 10 ile ya kwanza. Viwango vya sasa vinaruhusu yachanganywe hadi nusu kwa aina kadhaa, na aina hizo hazitoi matone yanayofanana.