Wasomaji wa Tope

Ukitoka Majimoto kuelekea ziwani, si rahisi kuamini kwamba Ziwa Rukwa, lenye kina kifupi na lisilo na mto wa kutoka, miaka 10,000 hivi iliyopita lilijaa hadi likafurikia Ziwa Tanganyika.

Habari hiyo imehifadhiwa kwenye tope, na wapo watu ambao kazi yao ni kulisoma.

Huanza juani, ndani ya boti, wakizamisha bomba hadi lichimbe sakafu ya ziwa. Kisha tope hukatwa sentimita kwa sentimita, huchemshwa kwa dawa kali hadi mabaki ya mimea yateketee, huoshwa tena na tena. Kinachobaki ni magamba ya diatomu, mwani wa seli moja wenye gamba la silika, kama kioo. Kila aina ina maji yake: hii hupenda magadi, ile maji yasiyo na chumvi. Msomaji huinamia hadubini inayokuza mara 1,000, akihesabu mamia ya magamba kwa tabaka moja tu. Akichanganya aina mbili zinazofanana, amepotosha historia ya ziwa zima.

Kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, wasomaji wenzao walihesabu ostrakodi, wanyama wadogo wenye magamba mawili. Palipomiminika udongo kutoka vilima vilivyokatwa misitu, aina zao zilikuwa chache.

Mvuvi wa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, na mkulima wa mpunga wa Mpimbwe, katika bonde la Rukwa, huenda wasimwone kamwe msomaji huyu wa tope, macho mekundu, akianza kuhesabu tabaka linalofuata.