Namsifu Fundi Asiyebahatisha

Kompyuta na maikrokontrola zikiwasiliana bila waya, hakuna anayemkumbuka fundi. Zikigoma, hazisemi kwa nini. Hapo ndipo ufundi wa kutafuta ubovu unapodhihirika, nami nauhesabu miongoni mwa kazi za akili zenye heshima kubwa.

Chukua bodi ya maikrokontrola ya Arduino Uno iliyofungwa moduli ya Bluetooth aina ya HC-05. Kila kitu kimewashwa, lakini skrini ya kompyuta ni tupu. Mwenye pupa hubadili nyaya, programu na moduli kwa mpigo mmoja. Hata mambo yakikaa sawa, hajui kilichoharibika kilikuwa kipi. Fundi hugusa kitu kimoja, akatazama, ndipo akagusa kingine.

Huanza na taa ya moduli. Ikimetameta upesi bila kukoma, bado haijaungana na kompyuta. Ikimulika mara mbili kisha ikapumzika, imeungana. Basi tatizo haliko hewani, liko kwenye nyaya au kwenye programu. Hufuata nyaya: TX (pini ya kutuma) ya huku iende RX (pini ya kupokea) ya kule, na GND (ardhi) za pande zote mbili ziungane. Uno hutoa volti 5, ilhali RX ya HC-05 inataka volti 3.3, kwa hiyo fundi huweka rezista mbili za kuigawa volti.

Herufi za ovyo zikijaa kwenye skrini, wengi hukata tamaa. Fundi hufurahi. Data inapita, mara nyingi kilichotofautiana ni kasi tu, programu ikisoma kwa biti 38400 kwa sekunde wakati moduli inatuma kwa 9600.

Lipo jaribio moja ninalolipenda kuliko yote. Moduli ikiwa bado inapata umeme, TX na RX zake hutenganishwa na Uno, kisha zikaunganishwa zenyewe kwa zenyewe. Ukiandika neno kwenye kompyuta likarudi lilivyo, njia nzima hadi kwenye moduli ni salama. Nusu ya mashaka imeondoka kwa kipande cha waya.

Ufundi huu hujenga uaminifu, kwa kuwa kifaa hakijali cheo chako wala dhana uliyoipenda. Walimu wa vyuo vya ufundi, msiwape wanafunzi vifaa vizima pekee. Wapeni na vibovu, na alama ziende kwa anayeweza kueleza alivyoutafuta ubovu hatua kwa hatua.